Misimu Mitatu ya Felix

Ninyi mnaobaki stoo mmeniomba niandike jinsi kazi yetu inavyofanywa, kwa sababu mwongozo uliobandikwa ukutani umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuvua pedi zilizolowa jasho la Doha. Nimestaafu sasa, nafasi ninayo. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha na vifaa vinatunzwaje. Lakini najua mnachokitaka hasa ni habari za Felix, maana picha yake bado iko koridoni na kila mwanafunzi mpya huuliza huyu ni nani, na kwa nini aliacha kucheza akiwa bado na mwaka mzima chuoni. Nitafika huko. Mambo ya vyeo siyaandiki. Niliingia mtunza vifaa nikatoka mtunza vifaa, kwa hiyo sura hiyo ni fupi.

Kabla ya chuo nilikuwa dobi katika hoteli moja ya West Bay. Nimetoka Pangani, nikaja huku nikiwa na nywele nyeusi, nikalala Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, katika chumba kimoja na Wanepali wawili na Mganda mmoja aliyekoroma kama jenereta. Siku moja kwenye basi la kampuni nikasikia kwamba chuo kimoja cha Kimarekani kinatafuta mtu anayejua kutoa madoa ya nyasi na damu, kwa ajili ya timu yao ya mpira. Damu na nyasi nilikuwa sijawahi kuzitoa pamoja, lakini divai, kari na hina nilizitoa kila siku. Nikaenda. Nilidhani ni mpira wa miguu, kama mtu yeyote mwenye akili zake angedhani.

Siku ya kwanza walinipeleka kwenye chumba kilichojaa makasha hadi darini. Nikafungua moja, nikakuta helmeti zenye wavu wa chuma mbele. Nikafungua jingine, nikakuta mabega ya plastiki, makubwa, kama ya mtu aliyetengenezwa kiwandani. Nikamuuliza mzee aliyenipokea kama chuo kinafundisha pia uchomeleaji. Mzee huyo alikuwa Bwana Leroy, Mmarekani mweusi aliyetunza vifaa vya timu za vyuo kwao maisha yake yote, akaletwa Doha kuanzisha stoo. Alicheka mpaka akakaa juu ya kasha. Tangu siku ile tulielewana.

Jioni yake aliniambia nibebe chupa za maji twende uwanjani. Hakuna aliyenionya kuhusu ile sauti. Mnaizoea sasa, hamuisikii tena, lakini mtu anayeisikia mara ya kwanza hudhani gari limegonga ukuta. Vijana wawili wenye afya zao, waliokuwa wanataniana dakika chache kabla, walikimbiliana kutoka pande mbili kama wamerogwa, wakagongana. Mmoja akabaki chini. Niliangusha chupa zote nikaanza kukimbia kumwendea. Bwana Leroy akanishika shati kwa nyuma.

"Amekufa," nikamwambia.

"Anapumua. Anatafuta pumzi tu. Mwache ainuke."

Yule kijana akainuka. Kilichonishangaza zaidi ya kule kugongana ni kwamba aliinuka akicheka, na yule aliyemwangusha akampigapiga kichwani kumpongeza. Usiku ule niliwaeleza wenzangu chumbani, wakasema nimeanza kunywa.

Kwa wale mnaoanza na bado hamwelewi mchezo wenyewe, huu mpira wa Kimarekani, msijitese. Timu moja ina mpira na inataka kuufikisha mwisho wa uwanja, nyingine inaizuia kwa miili. Kuna mmoja kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kuambiwa apite katikati ya watu wote wanaotaka kumvunja. Huyo ndiye mkimbiaji. Hatua anazosonga mbele zinahesabiwa na kuandikwa, na mtu aliyesonga zaidi ya wote waliomtangulia ndiye anaitwa mwenye rekodi. Mengine mtajifunza kwa kubeba maji.

Bwana Leroy alinifundisha kwamba helmeti haivaliwi kama barakashia. Mchezaji akishaivaa, ishike kwa mikono miwili uisogeze kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Isiposogea, helmeti ni kubwa, jaza hewa kwa ile pampu ndogo. Hewa yenyewe pimeni kabla ya mechi, uwanjani penyewe, kwa sababu ukijaza ndani kwenye kiyoyozi halafu mkatoka nje, joto la hapa litaitanua na kijana atalalamika kichwa kinambana. Skrubu za wavu wa uso zikipata kutu msizibembeleze, kateni. Pedi msizianike juani. Jua la kwetu Pangani linakausha nguo, la hapa linapasua plastiki. Na kinga ya meno ilainishwe kwenye maji ya moto yasiyotokota, la sivyo mtamrudishia mwenyewe kitu kinachofanana na ubani uliotafunwa.

Jambo moja alilirudia mpaka nikachoka kulisikia. Mchezaji akiumia kichwa, chukua helmeti yake kwanza, maneno baadaye. Bila helmeti mwamuzi hamruhusu kuingia. "Usibishane na mchezaji," aliniambia. "Mchezaji mwenye helmeti mkononi ana hoja. Asiye nayo hana." Kisha mke wake akaugua, akarudi kwao, akaniachia stoo na ile drili yake ya betri ambayo mnagombea mpaka leo.

Felix alikuja miaka kadhaa baadaye. Alisimama mlangoni mwa stoo akiwa na viatu vya raga begani.

"Sasa mzee. Nimeambiwa hapa ndio naeza pata helmeti."

"Sema shikamoo kwanza."

Akacheka. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo nikupime kichwa."

Alikuwa Mkenya, wa Kisumu. Mama yake alikuwa msimamizi wa wasafishaji wa vyumba katika hoteli ya West Bay, si ile niliyofulia mimi, ni ya jirani yake. Baba yake alibaki Kisumu, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Felix alikuwa amepata ufadhili wa kusomea uhandisi, na kwao alikuwa amecheza raga ya shule. Kwa urefu alikuwa wa kawaida. Mapaja ndiyo yaliyonishtua. Nilimpa suruali tatu za mazoezi kabla ya kupata iliyopita.

Mazoezi ya kwanza alipewa mpira, akawapita watu wanne, na alipozungukwa akaurusha nyuma kwa mwenzake, kama raga. Mwenzake hakuwa na habari, mpira ukamgonga kifuani ukaanguka. Kocha Brandt, Mmarekani mrefu mwenye sauti ya adhana, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa nini umeutupa?" akamuuliza.

"Nilikuwa nazungukwa, Kocha."

"Basi anguka nao."

"Kwani kuanguka kunaruhusiwa?"

Kocha alikuja nilipokuwa nimesimama, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona jambo asilotaka wengine walisikie, "Hemedi, huyo kijana ametupita wote na hajui hata sheria." Nilimtazama usoni. Alikuwa ameduwaa kweli.

Msimu wa kwanza watu walikuja kumtazama kwa udadisi. Ligi yetu, kama mjuavyo, ni ya vyuo vya hapa na vya nchi jirani, na watazamaji wengi ni wazazi na walinzi wa zamu. Msimu huo hata wapishi wa kantini walianza kuja. Felix hakukimbia kama wengine. Wengine hutafuta nafasi halafu wanaiingia. Yeye aliwaendea watu moja kwa moja, na dakika ya mwisho hakuwepo pale. Nimefua jezi zake, najua. Za wakimbiaji wengine huchanika kifuani, zake zilichanika kiunoni na mgongoni, kwa sababu watu walimshika wakati ameshapita.

Katikati ya msimu wa pili baba yake alifariki ghafla. Felix na mama yake walikwenda Kisumu kuzika. Aliporudi alikuja stoo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine za kufulia, akaangalia jezi zinazunguka. Nilimpa pole, akaitikia. Nikamwacha, nikaendelea kubana skrubu zangu. Alipoinuka kuondoka alisema, "Hakuwahi kuniona nikicheza hii kitu. Alikuwa anaiita vita ya watu wamevaa mito." Ijumaa iliyofuata alikimbia kama mtu anayefukuzwa.

Mama yake naye hakuwahi kumwona. Mechi zetu ni Ijumaa alasiri, na Ijumaa ndiyo siku hoteli inajaa. Alikuwa ananipigia simu baada ya kila mechi. Hakuuliza matokeo. Aliuliza, "Mzee Hemedi, ametoka mzima?" Nikimjibu ndiyo, anasema asante, anakata. Nilimzoea mama huyu kwa sauti kabla sijamjua kwa sura.

Msimu wa tatu ulipofika nusu fainali, Felix alikuwa amebakiza kidogo tu kuifikia rekodi ya ligi ya msimu mzima. Tena fainali ingefuata wiki moja baadaye, na kocha wa chuo kikubwa cha Marekani alikuwa ameahidi kuja kumtazama. Chuo kizima kiliongea hilo. Felix mwenyewe hakuongea sana, ila alianza kuja stoo kila siku kukagua helmeti ambayo nilikuwa nimeshaikagua.

Siku ya nusu fainali hali ya hewa ilikuwa nzuri, baridi ile ya Januari inayowafanya watu wa hapa wavae makoti na sisi tuseme hatimaye tunapumua. Mama Felix alikuja. Nilimjua alipouliza getini, kwa ile sauti. Nikamtafutia kiti nyuma ya benchi letu.

Mapema tu, Felix aliangushwa na watu wawili kwa pamoja, helmeti ikagonga chini. Nilikuwa nimeshaanza kumfuata. Aliinuka mwenyewe, akaja upande wetu, si upande wa wapinzani, akanipa ishara yuko sawa. Sista Marisol, yule Mfilipino aliyekuwa mhudumu wetu wa tiba, alimkalisha akamuuliza yale maswali yake. Tuko wapi. Tunacheza na nani. Nani amefunga mwisho. Felix alijibu yote sawasawa, hata akamtania. Mboni za macho zilikuwa sawa. Akamruhusu. Nimelifikiria sana lile tukio, na sioni mahali ambapo ningemlaumu yule dada. Alifanya kila alichofundishwa.

Kisha Felix akakimbia. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya ile video mnayoitazama kwenye simu zenu. Aliivuka rekodi kabla ya mapumziko, na baada ya mapumziko akaendelea kana kwamba hakuna aliyemwambia. Watu wa timu pinzani walianza kutazamana. Mchezaji wao mmoja, jitu kubwa kutoka Beirut, alikaa chini kwenye nyasi baada ya kupitwa, akabaki amekaa tu kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Tulishinda. Waliingia uwanjani watu ambao sijawahi kuwajua, wakambeba.

Nilimpokea chumba cha kubadilishia nguo. Wenzake walikuwa bado nje na keki na makamera. Nikamvua jezi, nikalegeza kamba, nikamvua pedi za mabega nikaziweka pembeni. Alikuwa ametulia kuliko kawaida. Nikamwambia, "Hongera, mwanangu."

Akaniangalia. "Mzee, mechi inaanza saa ngapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa vijana. Naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu ambaye hajaelewa kichekesho lakini hataki kukuudhi. Halafu akanyoosha mkono, akachukua zile pedi nilizomvua sasa hivi, zikiwa bado zinachuruzika jasho lake, akaanza kuzivaa.

Nimeona mfupa ukitoka kwenye ngozi katika kazi hii. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kumwona kijana yule akifunga kamba za pedi taratibu, kwa makini, kujiandaa kwa mechi aliyoimaliza. Kisha mikono yangu ikafanya ilichofundishwa, ikachukua helmeti iliyokuwa pembeni yake.

"Nipe, bado hujaipima hewa," akasema.

"Ndiyo naenda kuipima," nikamwambia. "Kaa hapo usiinuke."

Mlangoni nilikutana na Kocha Brandt anakuja kumchukua kwa ajili ya picha. Nikasimama katikati ya mlango na helmeti kifuani.

"Dakika tano tu, Hemedi. Watu wa televisheni wanasubiri."

"Anauliza mechi inaanza saa ngapi."

Kocha naye akacheka, kama nilivyocheka mimi. Aliponitazama vizuri akaacha. Akaingia, akachuchumaa mbele yake.

"Felix, nani ameshinda?"

"Hatujacheza bado, Kocha." Akageuka kunitazama, kama anayeomba msaada. "Si ndio?"

Yule mtu mrefu mwenye sauti ile kubwa alikaa sakafuni. Hakukaa kwenye benchi, alikaa sakafuni penyewe, kwenye maji ya viatu. Nikapiga kelele kumwita Sista Marisol, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee ambayo mliofanya kazi nami mnaweza kusema mzee alipiga kelele.

Ambulensi ilimchukua, mama yake akapanda naye, mimi nikafuata na gari la chuo. Hospitali walimpiga picha za kichwa. Tukiwa tunasubiri majibu tuliruhusiwa kukaa naye. Macho yake yalikuwa wazi, anaongea vizuri, ila alikuwa anarudia maneno.

"Mama, umekuja? Leo si uko kazini?"

"Nimeomba ruhusa," mama akamjibu.

"Umempigia baba? Mwambie mechi ni jioni. Nitamtumia video."

Nilidhani mama hajasikia. Alikuwa ameshika mkono wa mwanawe, na uso wake haukubadilika hata kidogo, kama picha. Baada ya muda akasema kwa upole, "Felix, baba alituacha. Mwaka jana. Tulimzika pamoja."

Sitaki kuwaeleza alivyolia. Nitasema tu kwamba hakulia kama mtu anayekumbushwa. Alilia kama mtu anayepewa habari mara ya kwanza. Mama akamkumbatia mpaka akatulia, akafumba macho. Tukashukuru. Kisha akayafumbua, akatutazama kwa uso mkavu, mtulivu.

"Mama, umekuja? Umempigia baba?"

Mama Felix alimwambia tena. Naye akalia tena, vilevile, machozi mapya. Mara ya tatu alipouliza, mama alisimama akatoka koridoni. Nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Mzee Hemedi, mimi nimemzika mume wangu mara moja. Siwezi kumzika tena kila saa inavyopita. Ingia wewe."

Niliingia. Felix akaniuliza, "Mzee, baba amefika?"

"Hajafika," nikasema.

"Sawa," akajibu, akalala. Aliuliza tena na tena, na kila mara nilimjibu hivyohivyo. Lilikuwa neno la kweli, na lilimtosha.

Daktari alituambia kulikuwa na damu kidogo imevuja ndani, na kwamba angerudi kucheza akagongwa tena, pengine asingeinuka. Mungu alisaidia, damu ilikauka bila kupasuliwa. Kumbukumbu zake zilirudi, za baba yake, za masomo, za kila kitu, isipokuwa siku ile na siku chache kabla yake. Hizo hazikurudi. Na daktari akaandika kwamba huyu asivae tena helmeti maisha yake yote. Felix alikuwa na rekodi ya ligi, na hakuwa na habari ameipataje.

Alinijia stoo baada ya kutoka hospitali, kabla ya fainali.

"Mzee, nirudishie helmeti yangu."

"Nimeshaivunjavunja." Ilikuwa kweli. Helmeti iliyopokea pigo la namna ile haivaliwi tena na mtu, na hilo nalo likumbukeni.

"Kuna zingine."

"Kwako hazipo."

"Niko fiti. Naskia kila kitu, nakumbuka kila kitu. Ungenyamaza tu hadi fainali. Huyo kocha wa States anakuja wiki hii, mzee. Wiki hii. Umeniuza."

Alitazama rafu yote ya helmeti, akaondoka. Fainali tulifungwa vibaya. Yule kocha wa Marekani alikuja, alitazama, alikula biriani ya chuo, akaondoka. Mwaka mzima wa mwisho Felix alipita mbele ya mlango wa stoo kwenda maabara, na hakugeuza shingo. Mimi niliyezoea kusikia kelele zake kila jioni nilishtushwa na kimya kile kuliko nilivyodhani ningeshtuka. Nilimwambia mama yake kwenye simu, akaniambia, "Mwache. Hasira ni za mtu aliye hai. Mimi nazipokea zote." Aliendelea kunipigia, ingawa hapakuwa tena na mechi ya kuulizia.

Kijana akahitimu, akapata kazi kwenye kampuni inayotunza mifumo ya viyoozi katika majengo ya The Pearl. Nilisikia hayo kwa mama yake. Rekodi ilibaki. Wakimbiaji wengine walikuja, baadhi yenu mmewavisha pedi kwa mikono yenu, na mimi niliendelea kupima vichwa. Nilikuwa mkali zaidi, mnajua. Mliniita mnoko. Niliwasikia.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja. Nilikuwa nje ya stoo nasubiri basi. Gari la kampuni likasimama, akashuka kijana wa ovaroli ya bluu, amenenepa kidogo shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Felix."

Akaninunulia chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, kwenye dirisha la mgahawa wa jirani, tukakaa ndani ya gari lake na kiyoyozi kimewashwa. Aliuliza naondoka lini, nani atabaki stoo, Pangani kuna nini cha kufanya. Nilimjibu. Nilidhani amekuja kuniaga, na hilo peke yake lingenitosha. Kisha akazima redio.

"Nimeitazama ile video mara nyingi sana," akasema. "Naona mtu anakimbia. Najua ni mimi kwa sababu ya namba. Lakini ni kama kumtazama jirani."

"Ulikimbia vizuri."

"Hiyo naiona. Sikuja kuuliza hiyo." Alizungusha kikombe cha karatasi mkononi. "Kamera haikugeuka upande wa watu hata mara moja. Nimetafuta. Mama alikuja siku hiyo, si ndio?"

"Alikuja."

"Miaka yote hiyo alikuja siku moja tu, na mimi siku hiyo sina. Nikimuuliza anaingia jikoni." Akanitazama sasa. "Alikaa wapi?"

Miaka yote nilidhani amenichukia kwa sababu ya kocha wa Marekani, na nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za kocha wa Marekani. Nikamwambia alikaa nyuma yangu, lakini kukaa kwenyewe hakukuwepo. Alikuja na sare ya hoteli, kibeji cha jina bado kifuani, kwa sababu hakuwa na muda wa kubadilisha. Alipokuona unatoka, nikamwambia, alinishika bega akaniuliza ni yupi, kwa vile wote mmefunikwa nyuso. Nikamwonyesha. Akasema hapana, hatembei hivyo, Felix wangu hatembei hivyo. Ulipoanza kukimbia ndipo akakujua. Alivua viatu vya kazi akapanda juu ya kiti, mlinzi akamwambia ashuke, naye akamwambia kwa Kiingereza cha hotelini, kwa adabu kabisa, kwamba hatashuka. Kila ulipokwenda chini alinibana bega mpaka likauma. Kila ulipoinuka aliachia. Uliposhangiliwa na uwanja mzima aliniuliza, "Hapo amefanya nini?" nikamwambia ameweka rekodi, akasema, "Sawa, lakini ameinuka?" Nikamwambia ameinuka. Ndipo akaanza kupiga makofi.

Felix alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya usukani ingawa gari lilikuwa limeegeshwa. Basi langu lilikuja, likasimama, likaondoka.

"Mlinzi alimwambia ashuke," akasema.

"Alimwambia."

"Na yeye akakataa."

"Akakataa."

Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli. Akasogeza kiti chake nyuma, kama mtu anayejiandaa kukaa sana.

"Anza tena, mzee," akasema. "Anza pale alipoingia getini."